Kabla Hujawataja Hao Buibui

Mwanangu Boke,

Hali yako sikuulizi, maana nakusikia ukikohoa chumba cha pili na mama yako akikuambia ulale. Yangu nayo unaijua. Nimekaa mezani, makopo yako yamepangwa mbele yangu kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa majina, na kila nikiandika mistari michache nanyanyuka kuyachungulia, narudi kitini, nanyanyuka tena. Ukikuta wino umechafuka mahali ujue nilisimama kwa haraka.

Mambo ya njiani sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu maji ya kunywa, pa kuficha nauli, na vijana wa stendi wanaokubebea mzigo kabla hujawaomba. Alichosahau atakikumbuka alfajiri na kukisema kwa sauti mpaka basi litakapoondoka Natta. Mimi nina jambo moja, ni lile uliloliacha mezani leo ulipoinuka bila kumaliza ugali.

Ngoja nilirudie, usije ukasema sikukuelewa. Yule mnunuzi wa Arusha, mwenye kibali cha kupeleka wanyama hai ng'ambo, alikuahidi kazi kwenye nyumba yake ya wanyama. Huko kwa wateja wake watu wanafuga hawa buibui wakubwa wenye manyoya ndani ya vioo, kama sisi tunavyofuga paka, na wanapenda kuwachukua wakiwa wadogo ili wakue wakiwaona. Shida ni kwamba wakiwa wadogo wanafanana, na anayeweza kuwatenganisha ana kazi. Akakuambia kwamba kuna mteja anataka familia nzima ndani ya kioo kimoja, aina ile inayokaa pamoja bila kulana. Ukifika nao, unaanza kazi ya kuchambua watoto. Ukifika bila wao, kuna ufagio, na kuchambua kutakuja siku kutakapokuja. Wewe ukaenda kwenye ule mfereji wachimbaji wa dhahabu walioupasua kwenye ukingo wa korongo kwa ajili ya kuoshea udongo wao, ukaokota vibuibui kwenye lundo la udongo uliomwagwa, kila kimoja ukakitia kopo lake. Leo jioni ukaniuliza ni wale wa kukaa pamoja au siyo.

Nikakuambia sijui.

"Tata, umefuga hawa tangu niko darasa la pili. Vitabu vimejaa mpaka chini ya kitanda. Na leo ndiyo hujui?"

"Leo ndiyo sijui."

"Basi nitasema mwenyewe. Nitasema ni wa kukaa pamoja. Wa kubisha abishe."

Mama yako akacheka, akasema wenzetu wanagombania dhahabu, sisi tunagombania wadudu. Wewe hukucheka. Ukanawa mikono ukaenda kufunga begi. Nilitaka kukufuata, lakini maneno niliyokuwa nayo hayakuwa ya kusemea mlangoni.

Unajua sehemu ya habari hii, kwa sababu ulikuwa unanikamatia panzi. Sehemu nyingine huijui, na ndiyo iliyonifanya nikunyime jibu.

Dhahabu ilipoanza kuita watu, shule yetu ilibaki na madawati matupu. Nilikuwa nikiita jina, na darasa zima linajibu, "Nyamongo, mwalimu." Wavulana wa darasa la sita walikwenda na makoleo ya baba zao, na baba zao wakawafuata kudai makoleo, nao wasirudi. Mwaka huohuo alipita mnunuzi wa kwanza, siye huyu wako, naye hakutaka dhahabu. Alitaka buibui. Watu walidhani anatania. Mzee mmoja wa hapa Natta aliniuliza kwa siri kama buibui hao Wazungu wanawakamua. Mwingine akauliza kama watakubalika kwenye mahari.

Nilikwenda kumsaidia pamoja na rafiki yangu Machaba, Mwikoma, rika langu. Umemwona mara nyingi akipita hapa na baiskeli yake. Machaba alikuwa mpataji. Mimi nilikuwa na kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa cha buibui kisicho na jalada, nilichokipata kwa padri mmoja aliyekuwa anahama, nami nilikisoma kama mtu anayesoma barua ya mahari. Hivyo tuligawana kazi bila kukaa kikao: yeye alitafuta mashimo, mimi nilitaja majina. Tulibaki nje ya mpaka wa hifadhi, na kibali kilikuwepo. Jioni Machaba aliniletea kopo, akafungua kifuniko, akasema, "Mwalimu, huyu nani?" Nami nikamwambia.

Hujui utamu wa kuulizwa hivyo, Boke. Labda utaujua, na ndiyo maana naandika.

Hapa Natta mimi ni mtu wa kuja. Kwetu ni Gorong'a, ng'ambo ya Mto Mara, na niliondoka huko nikiwa kijana, koo mbili zilipogombana na nyumba yetu ikawa katikati. Nimeishi huku miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, lakini bado nikisema "kwetu" mkono wangu unaelekea kaskazini wenyewe. Miaka ya kwanza, ng'ombe wa mtu akipotea, macho yalikuja mlangoni kwangu kabla ya miguu kwenda porini. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na jina la kunipa tayari, basi hawakuhitaji kunitazama. Halafu ghafla nikawa mtu anayeulizwa. Wazee walisimama uani kwangu wakisubiri niseme kile kiumbe ni nani. Nilikuwa nimekaa na njaa hiyo muda mrefu kuliko nilivyojua.

Siku moja Machaba alikuta shimo kwenye kingo za korongo, na ndani yake mama na watoto wengi, wamejaa kwenye hariri kama mbegu za papai. Mama hakuwa mkubwa. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna aina moja ndogo, ile ambayo siku hizi mimi na wewe tunaiita kadogo, inayoweza kukaa pamoja ukubwani, na inafuma hariri nyingi. Na kuna mfumaji, mkubwa na mkali, naye anafuma hariri nyingi, lakini kila mmoja anataka nyumba yake. Kitabu kilikuwa na picha za wote wawili wakiwa wazima. Cha watoto hakikuwa na picha hata moja. Hilo nililiona baadaye.

Machaba aliniuliza tuwatenge au tuwaache pamoja, maana mnunuzi alikuwa anapita kesho yake. Nami sikufikiri kama msomaji wa kitabu. Nilifikiri kama mtoto wa boma. Kwetu ndama wa mama mbalimbali hulazwa zizi moja, wanakua wakijuana harufu, na ukimtenga mmoja analia usiku kucha na anakonda. Waliozaliwa boma moja ni wa boma moja. Nikamwambia hawa tumewakuta nyumba moja, wamelala pamoja, basi ni wa kukaa pamoja. Nikaandika kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri, nikabandika kwenye beseni tulimowatia wote. Machaba akamwambia mnunuzi kwamba mwalimu amesema, na kwamba yeye Machaba anathibitisha.

Sasa mtu yeyote aliyechunga karibu na pori angeniambia kwamba hata watoto wa chui hulala pamoja. Nami nimechunga. Nilikuwa nalijua hilo toka utotoni, wala halikunijia siku ile, kwa sababu nilikuwa tayari nina jibu.

Mnunuzi alirudi baada ya mvua. Alipita kwa Machaba kwanza, kwa kuwa ndiye aliyethibitisha, akamwachia beseni mlangoni, akaenda zake bila kugomba. Machaba alikuwa ameahidiwa kuwa mwongoza njia wake wa kudumu. Kwa ahadi hiyo alikuwa amekataa kazi ya ulinzi kwenye hoteli moja karibu na geti la Ikoma, na kila mtu kwao alijua amekataa. Alilileta beseni kwangu kichwani, akalitua hapa nilipokaa sasa.

"Mwalimu, nisomee hapa umeandika nini."

Nikasoma.

"Sasa nioneshe hao wanaokaa pamoja."

Kulikuwa na mmoja, amenenepa, tumbo linang'aa. Vilivyobaki vya wenzake vilikuwa vipande vya miguu kwenye hariri. Tulimtazama wote wawili. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Machaba alichukua kofia yake, akanyoosha mkono, na kwa sauti ya mtoto wa shule akasema, "Shikamoo, mwalimu."

Rika langu, Boke. Tulikula mihogo ya kuiba pamoja. Tangu siku hiyo hajawahi kunisalimu kwa namna nyingine, hata msibani, hata mbele ya watoto wake. Wewe ulikuwa unadhani ni heshima. Nimekuacha ukidhani hivyo.

Yule mnene nilibaki naye. Mama yako alisema nimwage kwa kuku, nilishindwa. Nikamwekea udongo, nikamwekea kipande cha gome, nikaanza kumtazama kama nilivyopaswa kuwatazama wote kabla ya kufungua mdomo. Huyo ndiye aliyenifundisha unayoyajua na usiyoyajua, naye aliishi mpaka ulipomaliza darasa la saba.

Unayajua: kwamba rangi ya mtoto ni uongo. Mfumaji, kadogo, na yule wa tatu mwenye miguu minene ya nyuma, wote wakiwa wadogo wana rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na kila wakijivua gamba wanabadilika kidogo. Michoro ya mgongoni uliyoipenda, ile kama mfupa wa samaki, mfumaji anayo na kadogo anayo. Miguu minene haiko minene utotoni. Ukiweka mtoto juu ya karatasi nyeupe na kumtazama kwa lenzi utaona tu manyoya ya mguu wa nyuma yamesongamana kuliko ya mbele, na hata hapo unaweza kujidanganya kwa sababu umeshajiambia utaona. Yeye walau anajitaja kwa nyumba. Mpe udongo uleule na kopo lilelile, atachimba wima na kusafisha mdomo wa shimo kama mama mwenye kufagia asubuhi, bila hariri nyingi. Hao wengine wawili watapandisha mapazia mpaka kwenye kifuniko. Nimeyatazama makopo yako yote: mapazia matupu. Kwa hiyo mguu-mnene hayumo. Hilo nakupa bila wasiwasi.

Wamebaki wawili, ndio hao hao walionishinda.

Watu husema mguse kwa bua la nyasi: mfumaji atainua miguu ya mbele aoneshe meno, kadogo atakimbia. Ni kweli kwa wakubwa. Mtoto wa mfumaji hukimbia pia, kwa sababu ni mtoto. Na asubuhi ya baridi hakuna anayefanya lolote. Jana nilikuona ukiwagusa kwa bua jua halijapanda, kisha ukatabasamu walipojikunja kimya.

Usiyoyajua ni haya. Baada ya yule mnene nilipata kingine, kidogo, nikakiamini ni mtoto wa mfumaji. Safari hii, nikajiambia, nitasubiri. Nilikisubiri, mwanangu. Nilikipa kumbikumbi, nikakipa panzi uliowakata miguu wewe mwenyewe, nikaongeza, nikasema akikua nitamjua. Hakukua. Tumbo lilijaa likawa kama zabibu, na siku moja alianguka kutoka kwenye gome, tumbo likapasuka. Nilipolitafuta gamba lake la mwisho nikalilainisha na kulifungua, nikaona kwamba alikuwa mama mzima, labda mzee. Alikuwa kadogo. Nilikuwa namngoja mzee akue, na kwa kumngoja nikamlisha mpaka nikamuua. Kwa hiyo usidhani nakutuma ukakae tu na kusubiri. Kusubiri nako kuna waliokufa kwa mkono wangu.

Nimesimama kidogo. Kuna lori limepita barabarani limejaa vijana, wanaimba, wanakwenda machimbo. Mmoja amepiga kelele akiitaja Natta kwa dharau, kama mtu anayeaga mahabusu. Nimeyatikisa makopo kwa kiuno nilipoinuka, nikaogopa, nikayachungulia yote. Wapo.

Nikueleze la gamba, maana la gamba sikukufundisha vizuri, nilikuwa nalifanya ukiwa shuleni. Akijivua, ngozi anayoiacha ni mwili wake mzima mtupu, mpaka meno. Ikikauka inavunjika, basi iloweshe kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni. Ifungue tumbo kwa miiba miwili ya mgunga. Ndani utaona mabaka manne meupe, hayo ni mapafu. Tazama katikati ya yale mawili ya mbele, kwenye mkunjo. Kama ni mama aliyekomaa, utaona vifuko viwili vidogo vimesimama hapo, vya kuwekea mbegu za dume. Ukiviona, huyo amekomaa hata awe mdogo namna gani, na akiwa mdogo huku amekomaa, basi ni kadogo, hakuna mwingine. Lakini usipoviona, hujaambiwa kitu. Anaweza kuwa mtoto wa aina yoyote, anaweza kuwa dume. Hapo ndipo watu wengi hukosea, na ndipo nilipokuona unakosea leo mchana. Tulilifungua lile gamba moja, hatukuona vifuko, ukauliza, "Kwa hiyo?" Nikasema kwa hiyo hakuna. Ukakasirika kama mtu aliyepiga hodi akajibiwa na kuku.

Kukasirika kwako najua kulikotoka: ni kwangu. Ulipozaliwa nilikuwa na jina lako tayari. Nilikuwa nimeliandika nyuma ya kitabu kabla hujatoka: Boke, jina la mama yangu, aliyebaki Gorong'a ndani ya ardhi nisiyoweza kwenda kuipalilia. Nikakuita. Ukalia. Ulilia mpaka ukakataa ziwa, na mama yako akaogopa. Ndipo alipokuja bibi yako, yule uliyemwita dani, kutoka kwao upande wa ziwa. Hakuja na dawa. Alikaa na wewe mapajani akaanza kuita majina ya marehemu wa nyumba yake, moja moja, polepole, na baada ya kila jina alinyamaza akakusikiliza, kama walivyofanya Wajaluo wenzake kabla yake. Mimi nilisimama mlangoni na elimu yangu. Alipofika Awino ulinyamaza, ukalala.

Nikamwambia, "Mama, labda amechoka tu kulia."

"Labda amechoka," akasema. "Lakini mimi nimemsikiliza. Wewe ulimwandika kabla hajafika."

Ndiyo maana mama yako anakuita Awino na mimi nang'ang'ania Boke, na wewe unaitika kote kote kulingana na nani amepika. Sikukusimulia habari hii kwa sababu dani alinishinda ndani yake, na sikupenda. Sijui hata leo kama mtoto mchanga husikia jina. Najua kwamba yule mwanamke alinyamaza baada ya kila neno, mimi sikunyamaza hata mara moja.

Nilikuwa nimekusudia kumalizia hapo. Ningekuambia useme hujui, nikutakie safari njema, nizime taa.

Lakini nimeinuka tena kuyatazama makopo. Katika lile lenye kifuniko kilichopinda, nyuma ya pazia, pembeni kabisa, nimeona kitu kimekunjamana ambacho mwanzo nilidhani ni mzoga. Kumbe ni gamba. Amejivua tangu alasiri, kimya, huku sisi tunagombana. Nimelitoa kwa mwiba. Nimechukua kikombe changu cha chai, nikamwaga chai, nikatia maji na sabuni. Limelainika. Nimelifungua, nimelipasua kidogo pembeni, lakini katikati pako salama.

Vifuko vipo. Viwili, kila kimoja kama punje ya ulezi iliyosinyaa. Nimetazama, nimefuta lenzi kwa shati, nimetazama tena.

Ni kadogo, mwanangu. Mama mzima.

Nataka ujue nilichofanya baada ya hapo. Nilikaa. Nikafikiri kulimwaga lile gamba nje pamoja na maji yake na kutoliandika. Kwa sababu nakufahamu, na najifahamu. Ukisikia mmoja ni kadogo, utasema wote ni kadogo. Utafika Arusha umesimama wima, utamwambia yule mtu kwamba baba yako amethibitisha kwa lenzi, na kwa hilo utakuwa husemi uongo hata kidogo. Watawekwa kioo kimoja. Na kama wengine ni watoto wa mfumaji, huyu mama mdogo atakuwa wa kwanza kuliwa wakishamzidi.

Maana uliwatoa wapi? Si shimoni. Uliniambia mwenyewe: kwenye lundo la udongo, makoleo yamekwisha kupita. Ukingo ule una mashimo ya mfumaji na ya kadogo, nimeyaona yote kwa miaka, na wachimbaji hawakuwa wakichagua walipopasua. Waliokuwa majirani wamemwagwa pamoja. Hata lile kosa langu la zamani, la kusema waliokutwa nyumba moja ni wa nyumba moja, wewe huna ruhusa ya kulifanya, kwa sababu hukuwakuta kwenye nyumba.

Kwa hiyo nilifikiri nikufiche. Nilijiambia ni kwa ajili yako, na kwa ajili ya hao buibui. Nikakaa na wazo hilo mpaka likaanza kunuka. Nikikuficha nitakuwa nimefanya lilelile nililolifanya kwa Machaba: nimeamua badala ya mtu kile anachoweza kujua, kisha nimemtuma mbele na jina lake likiwa rehani. Machaba hakuniuliza kama nina shaka. Nilikuwa nayo kidogo siku ile, sikumwonesha. Angekuwa na shaka yangu mkononi, labda angewatenga mwenyewe.

Basi shika, ni vyako vyote. Mmoja ni kadogo, huyo waweza kumtaja mbele ya yeyote, na gamba lake nimelikausha juu ya kipande cha kioo uende nalo. Wengine mimi sijui. Wanaweza kuwa wenzake, wanaweza kuwa wa kumla. Ukimwambia yule mtu hivyo, atakupa ufagio, nadhani. Anaweza pia kucheka. Utafagia chini ya makopo ya watu wengine ukiwa unajua kuliko wanaochambua, na itakuuma, nami sitakuwepo kukuambia haiumi. Ukimwambia wote ni wa kukaa pamoja, utakaa kwenye kiti cha kuchambua kuanzia kesho kutwa, na kuna uwezekano, tena si mdogo, kwamba utakuwa umesema kweli. Sikufichi hilo pia.

Nilichokuondolea ni kitu kimoja tu: huwezi tena kusema baba hakuniambia.

Mama yako ameamka, ameniuliza kama nimerogwa na wadudu. Nimemwambia nakaribia. Amesimama nyuma yangu akasoma mstari mmoja, akaenda, akarudi na kikapu chake cha sokoni na nyuzi zake za kushonea. Makopo nimeyapanga ndani ya kikapu, katikati nimesokomeza katani ili yasigongane, na vitundu vya vifuniko nimevizibua kwa msumari. Lile la kadogo nimelizungushia uzi mwekundu. Hayo mengine nimeyaacha bila kitu.

Tata yako,
Marwa